Injini Mpya, Geji za Zamani: Namna ya Kuifanya Dashibodi ya E30 Iseme Kweli

Gari lililobadilishwa injini huhesabiwa limekamilika pale linapowaka na kutoka gereji. Mimi nasema bado, mpaka kila geji ya dashibodi isome, na isome kweli. Dereva akiwa njiani haoni injini, anaona mishale na taa. Mshale wa joto ukidanganya, gari litachemsha, gasketi ya silinda hedi itaungua, na fedha yote iliyonunua injini itakuwa imepotea.

Kwa sisi wa Yeoville, Johannesburg, mfano mzuri wa kuchambua ni BMW E30, gari ambalo vijana wa Afrika Kusini wamelibatiza Gusheshe. Liliundwa Rosslyn, karibu na Pretoria, na kiwanda chenyewe kiliwahi kulibadilisha injini. Mwaka 1985 BMW ya Afrika Kusini ilianza kutoa 333i, yaani E30 iliyotiwa injini ya lita 3.2 kutoka kwenye magari makubwa zaidi ya kampuni hiyo. Yalitoka 204 tu. Nafasi chini ya boneti ilibana mno, hata mnunuzi akalazimika kuchagua kati ya usukani wa pawa na kiyoyozi. Pamoja na hayo, geji hazikusahauliwa: kifaa cha tarakimu cha Alpina kiliwekwa kwenye tundu la hewa la dashibodi ili dereva aweze kufuatilia hali ya oili.

Siku hizi badiliko lililozoeleka ni kutoa injini ya BMW iitwayo M20, ya valvu 12, na kuweka nyingine iitwayo M50, ya valvu 24, iliyotoka mwaka 1990. Soketi kubwa ya waya za M50 ni ya duara, ina pini 20. Ya E30 nayo ni ya duara, pini 20. Kufanana huko kumewaponza wengi, maana mpangilio wa waya ndani haulingani. Fundi makini huchora ramani ya waya, pini kwa pini, kabla hajashika mkasi.

Kanuni inayotawala kazi yote ni hii: sensa ya geji huifuata geji, na sensa ya kompyuta huifuata injini. Geji ilitengenezwa ielewe sensa yake tu, kwa hiyo ukiilisha taarifa za sensa ngeni itaonyesha chochote.

Tuanze na geji ya mizunguko, ambayo huhesabu mapigo ya umeme. Injini ya silinda 4 hutoa mapigo 2 kwa kila mzunguko, ya silinda 6 hutoa 3, na ya V8 hutoa 4. Ukichukua dashibodi ya silinda 4 na kuiunganisha na injini ya silinda 6, mizunguko 3,000 itasomeka 4,500. Kwa bahati nzuri E30 ina plagi ndogo ya usimbaji nyuma ya seti ya geji, inayoijulisha seti hiyo injini ni ya silinda ngapi. Tofauti nyingine ni chanzo cha mapigo. M20 ina koili moja, na mapigo hutoka hapo. M50 ina koili sita, moja kwa kila silinda, hivyo waya wa mizunguko lazima utoke kwenye kompyuta ya injini. Ukiunganishwa kwenye koili moja tu kati ya hizo sita, mshale utasoma pungufu mno.

Joto ndilo linalotaka umakini zaidi. Sensa yake ni kinzani ambacho ukinzani wake hushuka kadiri maji yanavyopata moto. Ukinzani ukishuka, mshale hupanda. Fundi anayekuta mshale unasoma juu kupita kiasi hushawishika kuunga kinzani cha pembeni kwenye waya ili mshale utulie katikati. Hiyo ni hatari. Tuseme ameongeza ohm 50. Kuanzia hapo, hata sensa ichemke namna gani, jumla haitashuka chini ya ohm 50. Kama eneo jekundu la geji linaanzia chini ya hapo, mshale hautafika kwenye wekundu kamwe, na dereva ataendesha kwa amani huku hedi inapinda.

Njia sahihi ni kuipima sensa. Itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa jiko, andika ohm kwa kila nyuzi 10, kisha linganisha na sensa iliyokuja na gari. Usisahau kimo cha mahali. Johannesburg iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala hayafiki 100 kama Dar es Salaam au Mombasa. Ndiyo maana mfuniko dhaifu wa rejeta unatuumiza zaidi huku juu. Na kama sensa ni ya waya mmoja, usizungushie tepu ya mabomba kwenye nyuzi zake, kwa sababu ethi yake inapitia humo.

Spidomita ya E30 haina shida, kwa kuwa inapokea taarifa kutoka kwenye difu. Magari ya kebo, kama Citi Golf, hutegemea giaboksi, na ukibadilisha giaboksi lazima uihakiki spidi upya. Taa ya chaji nayo isidharauliwe. Umeme unaopita kwenye balbu yake ndio unaoiamsha altaneta, na balbu ikiungua, altaneta huenda isichaji kabisa.

Mishale ikirukaruka hata baada ya waya zote kuwa sahihi, fungua seti ya geji. Ndani mna bodi ya kumbukumbu ya sevisi yenye betri ndogo za kuchajiwa. Miaka mingi ikipita hufa na kuvuja, na geji za mizunguko na joto huchanganyikiwa. Betri mpya zilizolehemiwa vizuri humaliza tatizo ambalo wengi hulisingizia injini.

Sheria ya Afrika Kusini inadai spidomita inayofanya kazi, na injini iliyobadilishwa iandikishwe. Lakini usingoje askari. Kabla hujamlipa fundi, washa swichi bila kuwasha injini: taa ya oili na ya chaji lazima ziwake. Washa injini: lazima zizimike. Mwache apashe moto gari mbele yako mpaka feni ifanye kazi, na umuulize sensa ya joto aliyofunga ni ya nani, ya geji au ya kompyuta. Asipoweza kujibu, kazi haijaisha.