Mngurumo wa Otomatiki Mlimani Newala

Ukitoka Masasi na Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ile ya otomatiki yenye gia nne, injini husikika kwa shida mpaka uanze kuukwea ukingo wa Uwanda wa Makonde kwenda Newala. Hapo mlio unapanda, unashuka, unapanda tena. Abiria husema gari limechoka. Kumbe giaboksi inasitasita kati ya gia ya tatu na ya nne, na shida hiyo ina historia.

General Motors walipoitoa giaboksi ya otomatiki ya Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, pedeli ya klachi iliondoka. Mhandisi Earl Thompson na wenzake waliweka magurudumu mawili yenye mapezi ndani ya kasha la mafuta: injini inazungusha la kwanza, mafuta yanarushwa na kulisukuma la pili. Kifaa hicho hakiongezi nguvu ya kuzungusha hata kidogo. Kazi ya kukwea ilibaki kwa gia nne, ya kwanza ikiwa na uwiano wa 3.82 kwa 1. Zilipobadilika gari lilishtuka, ila sikio lilielewa: mlio ukishuka, gia imepanda.

Buick hawakuutaka mshtuko huo. Dynaflow yao ya 1948 ilitumia tokikonveta, ambayo ina mapezi ya ziada ya kuyageuza mafuta yanayorudi ili yasaidie kusukuma. Wakati wa kuondoka nguvu ya kuzungusha iliongezeka zaidi ya maradufu, basi katika mwendo wa kawaida gia hazikubadilika kabisa. Ulaini ulilipiwa kwa kelele: ukikanyaga mafuta, injini inanguruma juu, gari linafuata kwa wakati wake, na nguvu inayopotea katikati inayachemsha mafuta ya giaboksi. Chevrolet walifuata njia hiyo kwenye Powerglide ya 1950. Kufikia 1953 wakaifanya ianze yenyewe na gia ya chini.

Kwangu mimi walioona mbali ni Packard. Ultramatic yao ya 1949 ilikuwa na klachi ya kuifunga tokikonveta gari likishashika mwendo, utelezi ukaisha.

IST imerithi yote matatu: gia nne, tokikonveta na kufuli lake. Kwa hiyo mlimani sikiliza vizuri. Mlio ukipanda kidogo, huenda kufuli limeachia. Ukiruka sana, gia imeshuka. Kompyuta inapima unavyokanyaga na spidi ya gari, mlima ulio mbele haiuoni. Ukilegeza mguu kwenye kona inaingiza gia ya nne, mita chache mbele inaitoa tena, na kila badiliko linasugua klachi za ndani.

Bonyeza kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia mpaka taa ya O/D OFF iwake. Gia ya nne haitaingia. Kelele itakuwa kubwa kuliko mwanzo, lakini ya sauti moja. Wakati wa kurudi Masasi iache hivyo hivyo, hasa ukiwa na magunia ya korosho nyuma, injini ikusaidie kulizuia gari breki zisichemke.