Jicho Kabla ya Wateja: Namna ya Kuipima Kazi ya Kampuni Ndogo ya Usafi

Kampuni nyingi ndogo za usafi huyumba pale pale zinapoanza kupata wateja. Mwanzoni mwenye kampuni huenda mwenyewe Sinza, Mbezi au Mikocheni akiwa na msaidizi mmoja au wawili. Tambara analishika mwenyewe, na kasoro anaiona kabla mteja hajaiona. Nyumba zikizidi kumi, hawezi tena kuwepo kila mahali. Anaajiri, anagawa watu, yeye anabaki na simu, na hapo ndipo malalamiko yanapoanza.

Kwa hiyo anayetaka kukua aanze na swali hili: je, ninayemtuma anaona ninachokiona mimi? Vipimo vifuatavyo ni vya kulifundisha jicho, lako kwanza, kisha la msimamizi wako. Nimevipanga kwa nyumba za Dar es Salaam, zenye vumbi la barabara, hewa ya bahari na maji ya kisima.

Vua viatu, kisha vuta pumzi

Kuvua viatu mlangoni ni adabu yetu, na kwa kazi hii ni kipimo pia. Sakafu ya vigae iliyopigwa deki vizuri haishiki unyayo. Ukihisi inanatanata, ujue sabuni ilizidi au maji ya ndoo hayakubadilishwa. Utando wa sabuni uliobaki hukamata vumbi, na baada ya siku mbili mwenye nyumba ataanza kusema nyumba inachafuka upesi siku hizi, bila kujua sababu. Anayejua kupiga deki ana ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia dekio. Maji yakiwa ya kijivu anayamwaga. Anaanzia ukuta wa mbali na kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Nyumba safi karibu haina harufu. Ukipokelewa na marashi mazito au jiki kali, nenda moja kwa moja chooni, uiname nyuma ya sinki la choo, pale linapokutana na sakafu. Mkojo hujificha hapo, na hakuna manukato yanayouondoa.

Tazama juu, tazama pembeni

Zima pangaboi, panda stuli, pitisha kitambaa cheupe upande wa juu wa bapa moja. Kisha pitia juu ya fremu ya mlango, juu ya friji, wavu wa mbu, na reli ya dirisha la alumini. Katika reli hiyo mchanga hujikusanya hadi dirisha likawa gumu kusukuma. Fagio haliufikii, inatakiwa brashi ndogo na kitambaa kilichobanwa kwenye ncha ya kijiti.

Matokeo pia hukwambia kazi ilikwendaje. Ukikuta pangaboi safi na vumbi jipya juu ya meza ya runinga, aliyefanya kazi alianza chini akamalizia juu. Huyo hakosi bidii, amekosa kufundishwa mpangilio, na hilo linatibika kwa siku moja.

Kioo usikipime ukiwa umesimama mbele yake. Simama pembeni, mwanga wa dirisha ukiwa unakipiga, na michirizi yote itajitokeza.

Koki ndiyo mtihani

Ukiwa na dakika moja tu ndani ya nyumba, itumie kwenye koki ya bafuni. Maji ya visima vingi vya jiji letu ni magumu, na kila tone linalokaukia juu ya chuma huacha madini yake. Baada ya muda gamba jeupe hujijenga kwenye shina la koki, kwenye matundu ya bomba la mvua na kwenye kioo cha bafu. Asiyejua husugua kwa steelwool mpaka chuma kinaingia mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo hushika gamba jipya kwa urahisi zaidi.

Fundi hufanya hivi. Analoweka kitambaa kwenye siki, anakizungusha kwenye shina la koki, anakiacha kama robo saa huku akiendelea na ukuta. Akirudi, anasugua taratibu kwa mswaki wa zamani, anasuuza, halafu anakausha. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayomtenga fundi na wengine, kwa sababu koki iliyosuuzwa ikaachwa na maji itaota madoa yale yale. Inama utazame shina linapokutana na sinki, upande wa ukutani. Pakiwa safi na pakavu, una mtu wa kumtunza.

Lakini siki hiyo hiyo ikidondokea marumaru au terazo ni hasara. Asidi hula chokaa iliyo ndani ya jiwe, ikaacha doa lililofifia lisilofutika mpaka sakafu isuguliwe upya kwa mashine. Ndiyo maana mfanyakazi mzuri, kabla ya kufungua chupa yoyote, huuliza au huangalia kwanza: hapa pamejengwa kwa kitu gani?

Fungua mfuko wa vifaa

Mfuko wa mfanyakazi husema mengi kuliko nyumba aliyoimaliza. Tafuta vitambaa vya rangi tofauti, kwa mfano vyekundu vya choo na vya kijani vya jikoni, visivyokutana hata wakati wa kufuliwa. Mwombe akuonyeshe anavyokunja kitambaa. Kikikunjwa mara mbili, kinatoa nyuso nane, na anayejua hugeuza uso mpya kila ule wa kwanza unapochafuka. Asiyejua hukibumbia mkononi, akahamisha uchafu wa meza moja hadi nyingine.

Kisha uliza kuhusu jiki. Majibu yanayoridhisha ni haya: uchafu huoshwa kwanza kwa sabuni, kwa sababu jiki hudhoofika ikikutana na uchafu, jiki huachwa ifanye kazi kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, na iliyochanganywa na maji hutumika siku ile ile. Jibu moja halina mjadala: jiki haichanganywi kamwe na dawa ya choo yenye asidi, siki wala amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu, na katika bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kumuua mtu. Ambaye hajui hili asitumwe peke yake.

Pima kisichosuguliwa

Vitu vimerudi mahali pake? Dawa za bibi, chaja, madaftari ya watoto? Kama glasi ilivunjika, mteja aliambiwa kabla hajaigundua? Na funguo zinakaa wapi, nani aliziandikisha, nani alizirudisha? Mteja husamehe kona iliyosahaulika. Akihisi amefichwa jambo, harudi, na jirani zake watasikia.

Lini uongeze nyumba

Kabla ya kuongeza nyumba yoyote, panga bei kwa saa za kazi. Watu wawili kwa saa nne ni saa nane za mshahara, na juu yake weka nauli, sabuni na uchakavu wa vifaa. Ukipunguza bei ili kumshinda mwenzako, kinachokatwa ni muda, na muda ukikatwa, shina la koki ndilo la kwanza kurukwa.

Weka pia mkataba wa maandishi na mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambao ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hubeba angalau nusu yake. Wapo wanaoukwepa kwa kubadilisha vibarua kila mwezi. Hao hulipa kwa njia nyingine: kila mwezi wanafundisha jicho upya, na halikomai.

Kagua waziwazi, useme kasoro siku ile ile, kwa heshima na bila kuzungusha. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayeona haya kumrudisha mfanyakazi chini ya sinki ataombwa na mteja arudishe funguo.

Na kabla ya kupokea nyumba mpya, fanya hivi. Wewe na msimamizi wako ingieni nyumba moja iliyokwisha kusafishwa, kila mmoja na karatasi yake, bila kuzungumza. Andikeni kasoro zote mnazoziona, kisha linganisheni. Orodha yake ikiwa na nusu ya mambo yako, endelea kumfundisha na umwombe mteja mpya asubiri. Orodha zikifanana, mpokee. Na msimamizi akiandika jambo ambalo wewe hukuliona, mwongezee mshahara, kwa kuwa kampuni yako imeanza kukua kweli.