Bustani isiyo na mbingu: Klimt na rangi za maua

Picha iitwayo Bauerngarten, yaani bustani ya mkulima, ilichorwa na Gustav Klimt mwaka 1907, alipokuwa mapumzikoni Litzlberg, kando ya ziwa Attersee nchini Austria. Ni picha ya mraba, sentimita 110 kila upande, iliyopakwa rangi za mafuta.

Anayetaka kuieleza kwa Kiswahili hukwama mapema. Akiiita bustani ya kiangazi, msomaji wa Lubumbashi atafikiria vumbi, majani makavu, mioto ya porini na baridi ya usiku wa Juni. Kumbe majira ya joto ya Ulaya huchanganya jua na mvua. Kwa upande wa mimea, yanafanana zaidi na majira ya mvua ya Katanga.

Baada ya majira huja rangi zenyewe. Vivumishi halisi vya rangi katika Kiswahili ni vitatu: -ekundu, -eupe na -eusi. Rangi nyingine huazimwa kwa vitu: kijani kwa jani, zambarau kwa tunda, manjano kwa kiungo cha mchuzi. Mhakiki akisema ua fulani lina rangi ya waridi, tayari amepanda bustanini ua jingine! Klimt afuata njia ya kinyume. Kwake rangi hutangulia, na kitu hufuata: doa jekundu huonekana kwanza, kisha jicho hukubali kwamba ni ua.

Hakuna mbingu, hakuna njia, hakuna ukuta. Maua yamepanda kama pembetatu hadi ukingo wa juu. Wako wanaodai kwamba kuujaza uso wote hivyo ni urembo mtupu. Dai hilo ni jepesi. Pilipili Mulongoy, wa karakana ya Le Hangar iliyoanzishwa Elisabethville mwaka 1946, naye alijaza majani na nyasi nyuma ya ndege na nyoka wake, na hakuna anayeona upungufu. Tofauti ni kwamba kwa Pilipili jambo hutendeka: nyoka hunyemelea kiota, mzazi hutetea makinda. Kwa Klimt hakuna atendaye lolote. Hata mkulima aliyetajwa katika jina la picha hayumo, wala jembe lake, wala alama ya mguu wake kwenye udongo, ingawa bustani ya namna hiyo haiwi bila mtu wa kuipalilia. Udhaifu wa picha uko hapo, si katika wingi wa rangi.

Mwaka 2017 bustani hiyo ya mkulima iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 47.