Baba Amepatikana, Hadithi Bado

Beshte yangu wa vitabu amenirudishia The House of Rust yake Khadija Abdalla Bajaber akiwa amefika katikati. "Si babake ameshapatikana? Imebaki nini?"

Imebaki hadithi yenyewe, buda. Aisha kutoka Mombasa kwa mashua ya mifupa, na paka anayeongea, akimtafuta babake mvuvi: hiyo ni tamu, lakini mazimwi ya baharini tumeyazoea. Kazi ni kurudi nyumbani, kwa Hababa, nyanyake, anayemtakia ndoa na utulivu. Hapo mwendo unapungua, na kunguru wanaongea mno, nakubali. Ila zimwi unaweza kupigana nalo. Mapenzi ya nyanya utapigana nayo vipi?

Kitabu hiki kilishinda Tuzo ya Ursula K. Le Guin 2022. Kichukue tena, uanzie ulipoachia.