Jinsi Isiyo katika Kiwakilishi: Uhakiki wa Matumizi ya Akili Mnemba katika Kusafisha Wasifu wa Waombaji Kazi

Utangulizi

Programu za akili mnemba zinazodai kuondoa lugha yenye upendeleo wa kijinsia katika wasifu wa waombaji kazi hunadiwa kwa waajiri kama tiba ya ubaguzi. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza: programu husoma wasifu, hutambua maneno yanayofichua au kudokeza jinsi ya mwombaji, kisha huyafuta au kuyabadilisha kabla ya jopo la ajira kuuona. Nia hiyo ni njema na haihitaji kubezwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi iliyozaa programu hizi imefanywa juu ya Kiingereza. Makala hii inaihakiki dhana hiyo kutoka ndani ya Kiswahili. Hoja yake ni kwamba Kiswahili hakiweki jinsi mahali ambapo programu hizi zimefundishwa kuitafuta; kwa hiyo husafisha pasipo na doa na kuacha doa lilipo. Zaidi ya hayo, zikifaulu kufuta kila dalili, hufuta pia sehemu ya sifa za mwombaji.

Chimbuko la dhana

Utafiti wa Gaucher, Friesen na Kay (2011) ulichunguza matangazo ya kazi ya Kiingereza na kuonesha kwamba matangazo ya kazi zilizotawaliwa na wanaume yalikuwa na maneno mengi zaidi yanayohusishwa na wanaume, kama vile yale ya uongozi na ushindani. Ni muhimu kukumbuka kwamba watafiti hao walimhoji mwajiri: tangazo ni maandishi yake. Orodha ya maneno inapohamishwa kutoka kwenye tangazo hadi kwenye wasifu, mzigo nao huhama. Anayetakiwa kujirekebisha sasa ni mwombaji, ilhali kipimo cha mwajiri kinabaki kilivyokuwa.

Kisa cha kampuni ya Amazon kinaonesha mipaka ya kufuta maneno. Kwa mujibu wa shirika la habari la Reuters (Oktoba 2018), kampuni hiyo ilianza mwaka 2014 kutengeneza programu ya kupanga wasifu kwa ubora, ikiifunza kwa wasifu wa waombaji wa miaka 10 iliyotangulia, wengi wao wakiwa wanaume. Programu ilijifunza kushusha alama za wasifu wenye neno la Kiingereza linalomaanisha “wa wanawake”, pamoja na za wahitimu wa vyuo viwili vya wanawake. Wahandisi waliyazima maneno hayo, lakini hawakuwa na hakika kwamba programu isingebuni njia nyingine ya kubagua. Mradi ukavunjwa. Kampuni ilieleza kuwa waajiri wake hawakuwahi kuitumia programu hiyo kuwapima waombaji. Funzo linabaki: jinsi haikukaa katika neno moja, na kuliondoa neno hilo hakukuiondoa jinsi.

De-Arteaga na wenzake (2019) walifikia funzo linalokaribiana na hilo. Walitumia wasifu mfupi wa Kiingereza upatao 400,000 katika kazi 28. Hata baada ya kuondoa majina na viwakilishi, pengo kati ya wanawake na wanaume katika usahihi wa programu kutambua kazi zao halikwisha.

Mahali jinsi inapokaa katika Kiswahili

Mwombaji kutoka Goma anayeandika wasifu wake kwa Kifaransa hutambulika katika mstari wa kwanza, kwa kuwa neno la “aliyezaliwa” hubadilika kwa jinsi. Barua ya udhamini ya Kiingereza humtambulisha kwa kiwakilishi. Kwa Kiswahili, mtu yuleyule amezaliwa, alisoma, aliongoza, na kiambishi a- hakisemi lolote kuhusu jinsi yake. Cheo ambacho Kiingereza kimelazimika kukirekebisha ili kisimtaje mwanamume peke yake, Kiswahili kimekiita mwenyekiti tangu zamani, yaani mwenye kiti, awe nani.

Hilo lisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba Kiswahili hakina upendeleo. Fomu nyingi za maombi huuliza hali ya ndoa, na hapo sarufi hutoa siri yote. Mwanamume hujibu “nimeoa”. Mwanamke hujibu “nimeolewa”. Tofauti imo katika kauli ya kitenzi: mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Hata mfiwa hutambulika pale fomu inapotenga mjane na mgane. Programu iliyofunzwa kuwinda viwakilishi na majina ya vyeo inaweza kuupitisha mstari huo kana kwamba ni safi.

Dalili nyingine haimo katika sarufi kabisa. Msalato na Kilakala ni shule za wasichana. Ilboru ni ya wavulana. Mwanajopo aliyesoma Dodoma, Morogoro au Arusha hahitaji kuona neno “wasichana” ili ajue. Programu inayojifunza kutokana na wasifu wa zamani nayo inaweza kuujua uhusiano huo, kama ile ya Amazon ilivyovijua vyuo viwili. Orodha ya maneno haiwezi kuuona.

Tatizo la tatu ni mtindo. Orodha za Kiingereza huyaweka maneno ya ushirikiano upande wa wanawake na maneno ya kujitutumua upande wa wanaume. Adabu ya Kiswahili, kwa upande wake, humtaka mtu wa jinsi yoyote ajishushe: husema “tulifanikisha” hata pale alipotangulia mbele, na “nilisaidia kuratibu” hata pale alipokuwa mratibu. Kipimo kilichoazimwa kitausoma unyenyekevu huo kama dalili ya uanamke. Kisha kitapendekeza “niliratibu peke yangu”, maneno ambayo huenda si kweli na ambayo jopo la wazee linaweza kuyaona kuwa majivuno.

Hatari kubwa zaidi hutokea pale wasifu wa Kiswahili unapotafsiriwa kwanza kwa Kiingereza ili programu iweze kuusoma. Prates, Avelar na Lamb walipochunguza programu ya tafsiri ya Google kwa lugha kadhaa zisizobainisha jinsi katika kiwakilishi, Kiswahili kikiwamo, waliona kwamba tafsiri ilielemea kiwakilishi cha kiume, hasa katika kazi za sayansi na teknolojia. Katika mazingira hayo, chombo kilicholetwa kuondoa jinsi ndicho kinachoiingiza mahali ambapo mwandishi hakuiweka.

Gharama ya kufuta

Watetezi wa kuficha jinsi hupenda kutaja majaribio ya wanamuziki wa okestra nyuma ya pazia, yaliyochunguzwa na Goldin na Rouse (2000). Mlinganisho huo una kasoro. Pazia humficha mpigaji na kuuacha muziki ulivyo. Wasifu ni simulizi ya maisha ya kazi, na pazia likishushwa juu yake hukata sehemu ya muziki wenyewe. Mwanahabari aliyekuwa kiongozi katika Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) atabaki kuwa kiongozi wa “chama cha wanahabari”, au wa chama kisicho na jina. Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa atapoteza ushahidi kwamba anaijua jamii ambayo huenda mradi unaoajiri unataka kuifikia. Wakati huohuo, pengo la miaka miwili la kulea mtoto linabaki palepale, kwa sababu halina neno la kufutwa.

Parasurama na Sedoc, waliotumia wasifu zaidi ya 700,000 wa sekta ya teknolojia, waliona kwamba kufuta maneno hupunguza sana taarifa za jinsi, lakini baada ya kiwango fulani uwezo wa programu kuchuja waombaji nao huanza kuporomoka. Ikiwa hali ni hiyo kwa Kiingereza, chenye data nyingi, si busara kutarajia nafuu kwa Kiswahili.

Athari kwa sera

Sheria za kanda tayari zinatambua ubaguzi bila kumtaka mwombaji ajifiche. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania (2004) kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsi, ujauzito na hali ya ndoa, na kinamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya (2010) inakataza ubaguzi kwa misingi hiyohiyo, na inaitaka Serikali kuhakikisha kwamba vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa havizidi theluthi mbili ya jinsi moja. Wajibu wa namna hiyo hauwezi kupimwa pale taarifa ya jinsi inapofutwa mwanzoni mwa mchakato. Mwajiri anaweza kudai kuwa hakubagua kwa sababu hakuona, na asiwepo wa kumhoji kwa takwimu.

Kwa hiyo, mshauri wa sera anayeletewa programu ya namna hii ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuidhinisha ununuzi. Kwanza, je, imejaribiwa kwa wasifu ulioandikwa kwa Kiswahili, bila kupitia tafsiri? Pili, je, inatenga taarifa ya jinsi na kuihifadhi kwa ajili ya ukaguzi, au inaiangamiza? Tatu, je, nani anayewajibika kwa uamuzi, ikizingatiwa kwamba kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya (2019) kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake?

Hitimisho

Uhakiki huu hauikatai akili mnemba katika ajira. Unapendekeza ielekezwe kwa mwajiri, ambaye maandishi yake ndiyo yaliyochunguzwa mwanzoni: ikague tangazo la kazi, ikague alama za jopo kwa kulinganisha wanawake na wanaume wenye sifa zinazokaribiana, na ioneshe mahali pengo linapotokea. Kwa upande wa Kiswahili, hatua ya kwanza haihitaji mashine. Ni kuondoa katika fomu za maombi mstari wa hali ya ndoa, ambao hauhusiani na uwezo wa kazi na ambao, kwa herufi chache za kauli ya kutendwa, umekuwa ukitaja jinsi ya mwombaji kabla ya elimu yake kusomwa.