Nundu ya bakteria

Mfugaji wa Kiorma akitaka kujua kama ng'ombe wake atavuka kiangazi, huitazama nundu. Ikisimama, mnyama ana akiba. Ikilala upande, mambo yameanza kuharibika. Wapo bakteria wenye mpango huohuo, ila nundu yao ni plastiki.

Mwaka 1926 Mfaransa Maurice Lemoigne, wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, aliieleza plastiki hiyo baada ya kuikuta ndani ya Bacillus megaterium. Kwa kifupi huitwa PHB. Namna ya kuipata ni kumpa bakteria sukari tele na kumnyima nitrojeni. Bila nitrojeni hawezi kujenga protini, kwa hiyo hazaani. Lakini chakula kiko mbele yake, naye hakiachi. Anakila, anaunganisha vipande vya kaboni kuwa mnyororo mrefu, anaukunja kuwa chembe nyeupe, anaiweka tumboni. Bakteria hodari anaweza kufika mahali ambapo asilimia 80 ya uzito wake mkavu ni plastiki tupu. Njaa ikibisha hodi, anaikata na kuila. Majirani zake udongoni na baharini nao wana vimeng'enya vya kuikata, ndiyo maana PHB huoza hata ikitupwa shambani. PLA, plastiki ile ya vikombe vinavyosifiwa kuwa vinaoza, hutaka mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60. Wauzaji wake hawana haraka ya kukueleza hilo.

Basi kwa nini chupa zinazobaki kwenye miiba ya mti wa mathenge pale Garsen, kwenye delta ya mto Tana, mafuriko yakishapungua, si za PHB? Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo nia haikukosekana. Kinachokwamisha ni bei. Kampuni ya ICI ya Uingereza iliifikisha PHB iliyochanganywa, kwa jina la Biopol, hadi kwenye chupa za shampuu za Wella huko Ujerumani mwaka 1990, kisha biashara ikauzwa mkono kwa mkono. Marekani nako, kampuni ya ADM ilijitoa mwaka 2012 kwenye ubia wake na kampuni ya Metabolix wa kutengeneza plastiki ya aina hii.

Gharama kubwa haiko kwa bakteria, iko kwenye usafi. Tangi la maji ya sukari ni karamu isiyo na mlinzi, kila kijidudu kitaingia. Inabidi kuchemsha maji, kupitisha mvuke kwenye mabomba, kujenga kwa chuma kisichoshika kutu, na mgeni mmoja akipenya unamwaga kila kitu na kuanza upya.

Ufumbuzi ulioniridhisha ulitoka kwenye ziwa la chumvi huko Xinjiang, China. Kundi la Guo-Qiang Chen wa Chuo Kikuu cha Tsinghua lilimtoa humo bakteria aitwaye Halomonas TD01 na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Bakteria huyu hustawi kwenye maji yenye gramu 60 hivi za chumvi kwa lita, karibu mara mbili ya bahari, tena yenye magadi. Humo wavamizi wengi hawatoboi. Waliendesha matangi mawili kwa siku 14 mfululizo bila kuchemsha chochote. Tangi la kwanza lilikuwa la kuzalisha, na lilitoa wastani wa gramu 40 za bakteria wakavu kwa lita, asilimia 60 ikiwa PHB. Kutoka hapo walipitishwa kwenye tangi la pili, la kunenepesha, lenye uhaba wa nitrojeni, nundu ikawa kati ya asilimia 65 na 70. Nyongeza hiyo si ya kutisha. Kilichonivutia mimi ni zile siku 14.

Ukoo huu si mgeni kwetu: Halomonas magadiensis, aliyepewa jina mwaka 2000, anatokana na Ziwa Magadi. Na ukitoka Malindi kwenda Garsen unapita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa. Chumvi ipo. Maji baridi ya kupasulia bakteria waliozoea chumvi, ili chembe zitoke, Tana inayo. Umeme ni suala jingine, maana viumbe hawa hutaka kupulizwa hewa usiku na mchana.

Lakini sukari? Gramu 180 za glukosi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 86 za PHB, kwa sababu theluthi ya kaboni hupotea hewani. Mpango wa 2008 wa TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito Tana na Athi, na kampuni ya sukari ya Mumias wa kulima miwa kwenye hekta 20,000 za delta ulizua mzozo na wafugaji na wakulima hadi mahakamani, na tangu 2012 delta ni ardhioevu iliyo chini ya Mkataba wa Ramsar. Mimi ningeanza na maganda ya mathenge. Yana sukari kiasi kwamba Wailchamus wa Baringo, wakiilalamikia serikali kwa kuuleta mti huo, walimpeleka mahakamani mbuzi aliyekuwa kibogoyo kwa kuyala.

Kila kilo moja ya PHB itakula zaidi ya kilo mbili za sukari. Atakayekuja Garsen na michoro ya kiwanda aulizwe kwanza sukari hiyo ataitoa wapi, kabla hajaonyeshwa shamba.