Santuri na Baraza: Juu ya Kumsikiliza Siti binti Saad

Nyimbo za Siti binti Saad zinasikiwa tena. Santuri zake kuukuu zimehamishwa katika mitambo mipya, vijana wa Unguja wanajifunza mahadhi yake, na wanafunzi wa vyuo wanamwandikia insha. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizidumisha baadhi ya nyimbo hizo kinywani mwake, na wengi walizijua kwanza kwake. Hayo ni mema. Hata hivyo nina shaka kama kinachofufuliwa ndicho kilichowafurahisha watu wa Ng'ambo walipokusanyika usiku kumsikiliza.

Yafaa tukumbuke santuri ilikuwa kitu gani. Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mashine za kampuni ya Gramophone. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Muimbaji aliyezoea kurudia ubeti kwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, na kungoja wanaotunza wamalize kutunza, alilazimika kukoma kabla sindano haijafika katikati. Sisi tunaousikia wimbo leo twadhani kwamba ndivyo ulivyokuwa, mfupi na ulionyooka. Kumbe twasikia kipande kilichokatwa kwa kipimo cha sahani.

Kilichoachwa nje ya sahani ni baraza. Taarabu ilipoingia Unguja zama za Sultani Barghash ilikuwa starehe ya jumba la kifalme, na maneno yake yalikuwa ya Kiarabu. Siti, mzaliwa wa Fumba aliyetembeza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911, aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya wapishi, wachukuzi na wanawake wa Ng'ambo. Badiliko hilo husifiwa mara nyingi kana kwamba lilikuwa la lugha peke yake. Kwangu mimi kubwa zaidi ni kwamba msikilizaji sasa aliweza kujua nani anayesemwa. Fumbo halina ladha kwa asiyemjua aliyefumbwa, na sehemu kubwa ya raha ya usiku ule, naamini, ilikuwa kutazamana na jirani pale neno lilipopiga mahali pake.

Tuutwae wimbo wa Kijiti, ambao siku hizi hupigwa katika hafla kama tumbuizo la kale, watu wakitikisa vichwa kwa utamu wa sauti. Habari yake haina utamu hata kidogo. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya starehe na siasa za mji wa Unguja, ameifuatilia kwa masimulizi ya wazee: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam anauawa, Kijiti, mwuaji, anatorokea bara, na wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio wanaotiwa hatiani kwa sababu ya pombe iliyonywewa siku ile. Zingatia, msomaji, wimbo ulifanya kazi gani. Mahakama ya serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kukata shauri. Baraza la Ng'ambo likalifungua upya, likamtaja mkosaji kwa jina, nao waliohukumiwa wakapata wa kuwasemea. Anayeusikiliza wimbo huu kwa ajili ya mahadhi peke yake ameketi katika chumba cha hukumu akisifu nakshi za mlango.

Hapa sina budi kumgusa Shaaban Robert, ingawa kumkosoa ni kazi nzito. Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958, ndio uliomwokoa bibi huyu asisahauliwe na wasomi, na nathari yake ni safi kama maji ya kisima. Lakini mwandishi anatafuta kielelezo cha tabia: subira, ukarimu, juhudi ya mnyonge aliyeinuka. Siti wake ni mwema mno. Ulimi uliochoma, uliojua kumtia mtu haya mbele ya mtaa mzima bila kumtukana, hauonekani sana katika kurasa zile. Nasi tulioinukia kwenye kitabu hicho tumejifunza kumheshimu bibi kabla ya kujifunza kumcheka pamoja naye wale aliowacheka.

Kwa hiyo waliozikusanya santuri wana kazi nyingine, nayo haingoji. Wapo bado wazee, wachache, waliosikia kwa mama zao kila wimbo ulimlenga nani na ulitungwa kwa kisa gani. Maelezo hayo yangeandikwa kando ya maneno ya nyimbo, ubeti kwa ubeti. Na mwanafunzi mwenye bidii angeweza kwenda kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, akatafuta kama kesi ile imebaki katika majalada, akaiweka hukumu ya hakimu karibu na hukumu ya Siti.